Magauni Sita Mwilini na Afisa Aliyeuliza "Mwezi wa Ngapi?"

Nilijifungua magauni sita mpakani, mchana kweupe, mbele ya nesi mmoja, feni isiyozunguka, na afisa wa forodha aliyegeuzia uso ukutani.

Umesoma vizuri. Magauni.

Usicheke kwanza. Kaa nikupe mkanda mzima, maana nimechoka kusikia watu wakiusimulia mtaani kwa kuongeza chumvi wakati mwenyewe nipo hai na mdomo ninao.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti viwili na draya moja ambayo huwaka ikijisikia. Mume wangu ni fundi wa friji. Mtu mpole, maneno yake machache, na akisema "haya" ujue amemaliza hotuba.

Tulikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto. Naliweka hili hapa mapema ili usije ukaniuliza baadaye.

Shangazi yake ndiye aliyemlea yeye na dada yake baada ya wazazi wao kufariki. Aliwasomesha kwa kufua nguo za watu. Ana moyo mzuri shangazi, sitamsingizia, ila mdomo wake hauna breki.

Sasa, dada ya mume wangu, yaani wifi yangu, alikuwa anaolewa. Siku moja tulimkuta sebuleni kwa shangazi analia hadi kope za bandia zimemdondokea kwenye chai.

"Fundi amekataa kupunguza," alisema. "Wapambe wangu sita watavaa nini?"

Alitaka magauni sita yanayofanana, ya satini ya zambarau, yenye wavu chini ili yafutuke. Fundi wa mtaani kwetu tunamwita Fundi Kesho, kwa sababu unazozijua. Huyo ndiye aliyetaja bei iliyomfanya bwana harusi azime simu.

"Wavae walichonacho," shangazi akasema. Wifi akaongeza sauti ya kilio.

Hapo ndipo kiherehere changu kiliponipanda.

"Niachieni mimi," nikasema. "Navuka mpaka, naleta yote sita kwa nusu bei."

Shangazi hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe.

"Wewe? Tangu uingie nyumba hii umeshaleta nini?"

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Shangazi," akasema, na hakusema zaidi ya hapo.

"Kwani nimesema nini? Mimi nazungumzia magauni."

Kila mtu pale alijua hazungumzii magauni.

Nilitabasamu, nikakusanya vikombe, nikaaga vizuri. Nilipofika nyumbani niliingia bafuni nikafungua bomba nilie bila kusikika. Mume wangu akasikia hivyo hivyo. Akagonga mlango.

"Usiende huko kwa ajili ya maneno."

"Naenda kwa ajili ya magauni."

Akafikiri kidogo. "Haya."

Kwa hiyo elewa nilichokuwa nakitafuta. Harusi ilikuwa Jumamosi, na nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niingie kwa shangazi nimebeba kitu, akose la kusema. Hayo magauni ningeyafuata hata mwezini.

Mtaani kwetu yupo mama mmoja anayeuza vyombo, tunamwita Nusu Bei. Kila wiki anavuka mpaka kama anaenda jikoni kwake. Nikamwomba nifuatane naye.

"Huko ng'ambo," aliniambia, "hata salamu ni rahisi."

Tukapanda basi asubuhi. Nikatapika.

"Ni hili basi," nikamwambia Nusu Bei huku nikijifuta. "Linayumba sana."

"Basi halijaondoka, mama."

Nikamwambia labda ni manukato ya yule abiria wa mbele. Hata saluni siku hizo dawa za nywele zilikuwa zinanikera, nikawa nasuka huku nimebana pua kama napiga mbizi. Nilijua wamebadilisha kiwanda.

Tulifika. Jamani, ule mtaa wa maduka usikie tu. Nguo zinaning'inia mpaka barabarani, ndoo zimepangwa kupita paa, na kila muuzaji anakuita dada kwa mapenzi ambayo dada zako wenyewe hawana.

Magauni niliyapata duka la tatu. Satini, zambarau, wavu chini, kila moja limefungwa kwenye nailoni yake.

"Bei ya mwisho?" nikauliza.

"Bei ya mwisho tunaitaja mwishoni, dada. Kwanza tujuane."

Tukajuana mpaka ikafika chini kidogo ya nusu ya bei ya Fundi Kesho. Nikataka kumkumbatia yule kaka. Nilipotaka kufungua nailoni nikague, akanizuia kwa upole. "Nikifungua moja nitafungua yote. Haya yanafanana kama mapacha, niamini."

Nikamwamini. Furaha ilinipanda kichwani, nikanunua na birika nisilolihitaji, kandambili za wageni nisiowatarajia, na draya mpya ya saluni, nyepesi ajabu. Rahisi ina tabia hiyo. Unaokoa kwa mkono wa kulia, unamwaga kwa wa kushoto, na jioni unajipongeza.

Tulipokaribia mpaka, Nusu Bei akanivuta pembeni.

"Magauni sita yanayofanana ni biashara hayo. Utalipia ushuru mpaka uombe poo."

"Sasa?"

"Kilicho mwilini hakina ushuru. Sisi wote tunajua." Akainua sketi kidogo. Alikuwa amevaa suruali tatu.

Tukaingia chumba cha nyuma cha duka la mama mmoja rafiki yake. Gauni la kwanza likaingia vizuri. La pili nalo sawa. La nne likagoma, Nusu Bei akaniwekea goti mgongoni akavuta zipu huku anaomba Mungu. La sita sikulivaa, nilivikwa. Kwa vile zile nyavu zilikuwa zinajitokeza chini, tukazikusanya zote mbele tukazifunga kiunoni kwa mtandio, kisha juu nikateremsha gauni langu pana la kazini.

Nikageuka kwenye kioo.

Nilimwona mama mjamzito. Mzito, mwezi wa tisa, mashavu yanang'aa kwa jasho. Nikajikuta nimeweka mkono juu ya lile tumbo. Ilikuwa satini tu na wavu, nalijua hilo, lakini mkono wangu haukutaka kutoka pale, na roho iliniuma.

"Twende," Nusu Bei akasema. "Tembea taratibu. Usitembee kama gunia."

Naomba ieleweke kwamba mimi sikusema nina mimba. Hakuna aliyeniuliza. Watu wenyewe walianza, "Mpisheni mama mjamzito apite," na foleni ikafunguka mbele yangu. Baba mmoja akanibebea begi. Dada mwenye mtoto mgongoni akanipa maji yake ya kunywa.

"Mungu akufungue salama," akaniambia.

"Amina," nikajibu. Miaka saba nimewaombea wengine dua hiyo. Nilikuwa sijawahi kuombewa.

Nikafika kwa afisa wa forodha. Mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua. Akaangalia begi, akaona birika, kandambili, draya. Kisha akaniangalia mimi.

"Mwezi wa ngapi, mama?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni lakini ukakataa kutoka.

"Hata sijui, baba."

"Hujui?"

"Sijui kwa kweli."

Akatikisa kichwa. "Na bado uko sokoni. Ninyi watu. Mleteeni kiti."

Kiti kilikuja kimechelewa. Magauni saba kwenye jua lile si mchezo. Masikio yakaanza kuvuma, na kitu cha mwisho nilichokisikia ni sauti ya mtu kwenye foleni: "Uchungu umemshika."

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Nesi, mama mnene mwenye mikono mizito, alikuwa anavaa glavu. Afisa alikuwa kasimama kwenye kona, kaangalia ukuta.

"Usitoke," nesi alimwambia. "Nikihitaji gari la wagonjwa utakimbia wewe. Lakini usigeuke." Kisha kwangu: "Pumua, mama. Mtoto wa ngapi huyu?"

"Nesi, ngoja kwanza."

"Mtoto hangoji."

Akapandisha gauni langu la kazini. Akasimama. Akashika zambarau kwa vidole viwili.

"Hili ni gauni."

"Ndiyo."

"Na chini yake?"

"Gauni."

Akalifunua la pili. "Na chini yake?"

"Nesi, tusichoshane. Yapo sita."

Akaanza kuyavua moja moja, anayaweka kwenye kile kitanda kidogo cha watoto wachanga kilichokuwa pembeni. Afisa pale ukutani alisikia zipu zinalia na mimi naguna, uvumilivu ukamshinda.

"Nesi, ni wa kike au wa kiume?"

"Ni wa satini," nesi akamjibu.

Alicheka yule mama mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, sijui kwa aibu au kwa hewa iliyorudi kifuani. "Nimezalisha mapacha, nimezalisha watatu," akasema akijipangusa machozi, "sita waliokuja na zipu ndiyo leo."

Akanipa shuka nijifunge, akamruhusu afisa atoke. Kisha akanipima presha, na kicheko kikamwisha taratibu.

"Umekula nini leo?"

"Nimetapika tu tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi ya leo?"

Nikafikiri. Nikakumbuka dawa za nywele. "Kama wiki mbili hivi."

"Siku zako uliziona lini?"

"Niliacha kuhesabu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila nikihesabu nalia."

Alifungua kabati akatoa kikopo na kipimo. "Choo kiko pale."

"Nesi, usinifanyie hivyo," nikamwambia, na sikuwa natania tena. Vipimo vile nimevitumia mpaka muuza dawa wa mtaani akawa ananionea huruma kabla sijaagiza. Ule mstari mmoja naujua kuliko uso wangu. Sikutaka kwenda kuuona tena, tena mpakani.

"Nenda," akasema kwa upole. "Nitaangalia mimi. Wewe angalia feni."

Nikaenda, nikarudi na kikopo, nikaangalia feni. Ilikuwa na vumbi kwenye panga zote, na buibui alikuwa amejenga pale katikati bila wasiwasi, maana alijua haizunguki. Nilimwangalia yule buibui muda mrefu sana.

"Mama. Hebu geuka uone."

Mistari miwili.

"Kimeharibika hicho," nikasema.

Nesi hakubishana. Akachukua kingine, cha kampuni nyingine, akarudia mbele ya macho yangu. Miwili.

"Na hiki nacho kimeharibika?"

Nililia kwa sauti, ile ya kukosa adabu kabisa, nimejifunga shuka la serikali, mkono juu ya tumbo langu lililokuwa bapa. Mkono uleule. Sasa haukuwa na satini chini yake.

Nilipotoka, afisa alikuwa ananisubiri mezani kwake. Nesi alikuwa ameshamnong'oneza. Akapanga magauni mbele yake, akasafisha koo.

"Sheria ni sheria, mama. Gauni moja nalihesabu umevaa. Matano utalipia ushuru, na faini kidogo ya kutuchezea akili."

"Sawa, baba."

Akaandika, akagonga muhuri. Kisha akaelekeza kalamu tumboni kwangu. "Huyo mwingine hayumo kwenye bidhaa zangu. Mpitishe."

Nusu Bei alikuwa ananisubiri nje ya geti, ameketi juu ya mzigo wake.

"Umepita?"

"Nimekamatwa. Nimelipa yote."

"Sasa mbona unacheka?"

Sikumwambia. Nilitaka wa kwanza awe fundi friji wangu. Njia nzima nilikaa kimya, jambo ambalo Nusu Bei anasema ndilo lililomtisha zaidi siku hiyo.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika kwa shangazi, maana ndiko walikokuwa wote wananisubiri. Kumbe kwenye foleni mpakani kulikuwa na mteja wangu wa saluni. Alishapiga simu kitambo: mke wa mtoto wenu ameshikwa na uchungu mpakani.

Shangazi alikuwa mlangoni. Aliniangalia kiuno, akaangalia begi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Magauni yako wapi?" wifi akauliza nyuma yake.

Nikaanza na rahisi. Nikafungua begi. Magauni yalitoka yamejikunja kama karatasi za maandazi. Moja lilikuwa limepasuka kwapani, mawili nyavu zimechanika, na yule kaka wa mapacha alikuwa amenipa pacha mmoja asiye na mkono wa kushoto. Wifi akafunika uso. Mume wangu akanyanyua ile draya nyepesi, akaifungua kwa bisibisi yake ya mfukoni, akachungulia ndani.

"Haina mota," akasema. "Ni kofia."

"Ushuru?" shangazi akauliza.

"Nimelipa."

"Nauli?"

"Nimelipa."

"Kwa hiyo bei ya Fundi Kesho umeipita au hujaipita?"

"Nimeipita kidogo."

"Nilijua." Kisha sauti yake ikabadilika. "Ukapita mbele za watu unajifanya una mimba. Kitu kama hicho unakichezea? Nimepigiwa simu mchana. Nilijua ni uongo, mtu nakuona kila siku huna tumbo. Nikatandika kitanda hata hivyo. Nikachemsha maji. Mjinga mimi, nimekaa na sufuria ya maji tangu mchana."

Miaka yote nilidhani yule mama ananikomoa. Sikujua na yeye alikuwa anasubiri, tena kwa njaa ileile yangu.

Nikatoa pamba ambayo nesi alinifungia kipimo ndani yake, nikamkabidhi mume wangu. Akaifungua, akakitazama kile kipimo, akakigeuza, akakisogeza kwenye taa kama anakagua kipuri.

"Mistari miwili," akasema. "Ndiyo nini?"

Shangazi akakinyakua. Akakaa chini, pale pale kizingitini.

Mume wangu aliangalia uso wa shangazi, akaangalia wangu, akaelewa. Alifungua mdomo kusema haya, haya haikutoka. Akanishika mkono akaubana, na machozi yakamtiririka bila kuyafuta.

Shangazi aliinuka akaenda jikoni. Tukasikia sufuria. Alirudi na beseni, akaniketisha kwenye kiti chake ambacho hakikaliwi na mtu, akanivua viatu, akaitumbukiza miguu yangu kwenye maji ya uvuguvugu. Mikono iliyofua nguo za watu miaka na miaka, ikaosha vumbi la mpakani polepole, kidole kwa kidole.

"Nilikuuliza umeleta nini," akasema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, shangazi."

"Usinijibu."

Basi, nikaacha.

"Na magauni yangu je?" wifi akauliza kwa sauti ndogo, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, pamoja na shangazi.

Magauni alikwenda nayo shangazi mwenyewe kwa Fundi Kesho. Sijui walizungumza nini, lakini kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, alimaliza leo. Alitupiga bei pia, na hakuna aliyebisha. Jumamosi wapambe walipendeza. Mmoja tu alikuwa na mkono wa kushoto wa zambarau nyingine kidogo, akaambiwa awe anasimama upande wa kushoto kabisa, ukutani. Shangazi alizunguka meza zote akisimulia, na kila meza safari ilikua. Ya mwisho niliyoisikia, yeye ndiye aliyenituma.

Siku hizi wateja wakikaa kwenye kiti changu huniuliza: kuvuka mpaka kufuata rahisi kunalipa?

Nawaambia ukweli. Jumlisha nauli, ushuru, faini, fundi wa kurekebisha, na draya iliyo kofia, utaona bora ungemlipa Fundi Kesho na kumvumilia. Rahisi ghali, waliosema hawakukosea. Fungua nailoni kabla hujalipa. Usivae zaidi ya gauni moja kwenye jua. Na ukiwa na mtu nyumbani kwako anayekuchoma kwa maneno, hebu muulize na yeye anasubiri nini.

Binti yangu ana jina zuri sana kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Lakini nyumbani hakuna anayelitumia. Shangazi, anayembeba mgongoni kutwa na kukataa kunirudishia, ndiye aliyempa jina analoitwa na mtaa mzima.

Anamwita Magendo.